Keki ya Kakao Yenye Krimu Ndani, na Jinsi ya Kuioka Nyumbani

Kila nchi ina chakula chake cha utotoni. Mtu mzima akisikia harufu yake, hata kama ana mvi kichwani, moyo humrudisha siku zile alipokuwa mdogo, mkoba mkononi, akienda shule. Kwetu chakula hicho labda ni mhindi wa kuchoma, au karanga katika karatasi, au andazi la moto lililonunuliwa njiani. Kwa watu wengi wa Marekani ni keki ndogo ya kakao, nyeusi na laini, iliyofungwa katika karatasi ing'aayo, ambayo ndani yake mna krimu nyeupe.

Mama aliiweka katika kisanduku cha chakula cha mchana, pamoja na mkate na tunda. Mtoto aliula mkate upesi upesi ili aifikie keki. Wengine waliiuma mara moja. Wengine waliigawanya kwanza katikati, wakalamba krimu, kisha wakaila keki yenyewe polepole ili isiishe. Watoto hao leo ni wazee. Wakiinunua tena dukani, mara nyingi husema: "Siyo ile ya zamani." Ndiyo sababu baadhi yao wameamua kuioka wenyewe jikoni, pamoja na wajukuu zao.

Je, keki imebadilika, au ni mlaji aliyebadilika? Leo twataka kueleza jinsi keki hiyo ilivyoanza, jinsi ilivyotoweka kwa miezi minane, na jinsi mama wa nyumbani awezavyo kuitengeneza kwa vyombo vyake mwenyewe, awe na tanuri la umeme au jiko la makaa tu.

ILIVYOANZA

Keki ndogo ya kakao yenye umbo la kikombe, iuzwayo kwa jina la Hostess, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1919. Wakati ule haikuwa na kitu ndani. Ilikuwa keki tupu yenye sukari ya kakao juu.

Mwaka 1930, karibu na mji wa Chicago, palikuwa na msimamizi wa kiwanda cha mikate cha Continental aitwaye James Dewar. Kiwanda chake kilikuwa na vikaango vya kuokea keki ndogo za kuliwa pamoja na matunda ya stroberi. Msimu wa matunda hayo ulipokwisha, vikaango vilikaa bure. Dewar aliona hasara, akafikiri: kwa nini visioke keki nyingine, nazo zitiwe krimu ndani? Hivyo ikazaliwa keki ya manjano iitwayo Twinkie. Krimu yake ya kwanza ilikuwa ya ndizi. Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, ndizi ziliadimika Marekani, wakaweka krimu ya vanila, nayo ikabaki hata leo.

Mwaka 1950 mwokaji mwingine wa kampuni hiyo, D. R. Rice, ambaye wenzake walimwita Doc, aliifanyia keki ya kakao jambo lile lile: aliitia krimu ndani. Kisha akachora juu yake mstari mweupe wenye mapindo saba, ili mtu aitambue hata kutoka mbali. Mstari huo ndio watoto wa Marekani wanaoukumbuka kuliko jina lenyewe.

Baadaye zilifuata nyingine nyingi. Mwaka 1960 jamaa ya McKee, waokaji wa jimbo la Tennessee, walianza kuuza keki zao kwa jina la Little Debbie; Debbie alikuwa mjukuu wao, naye alikuwa na umri wa miaka minne. Mwaka 1967 ikaja Ding Dong, keki ya mviringo kama sarafu kubwa, iliyopakwa chokoleti pande zote na kufungwa katika karatasi ya alumini, ili chokoleti isiyeyuke katika mkoba wa mwanafunzi.

Lakini msidhani ya kuwa keki ya kakao yenye krimu ni mtoto wa kiwanda tu. Katika jimbo la Maine, na kwa Waamish wa Pennsylvania, watu walizoea kuoka vikeki viwili bapa vya kakao na kuvishikanisha kwa krimu katikati. Chakula hicho huitwa whoopie pie. Bekari moja ya mji wa Lewiston, katika Maine, yahesabu kazi yake ya kuvioka tangu mwaka 1925, na mwaka 2011 jimbo hilo liliiandika whoopie pie katika sheria kuwa kitamu chake rasmi. Basi anayeioka keki hii nyumbani haigi kiwanda. Anairudisha ilikokuwa.

SIKU RAFU ZILIPOBAKI TUPU

Kampuni iliyokuwa na jina la Hostess ililemewa na madeni. Mwezi wa Januari 2012 iliomba kinga ya mahakama kwa mara ya pili katika muda wa miaka kumi. Wafanya kazi wakaambiwa wakubali kupunguziwa mishahara na malipo ya uzeeni. Chama cha waokaji kilikataa, na mwezi wa Novemba waokaji wakagoma. Tarehe 16 Novemba 2012 kampuni ilitangaza ya kuwa yavifunga viwanda vyake vyote.

Habari ilipoenea, watu walikimbilia madukani. Katika siku moja rafu za keki zikabaki tupu. Wengine walinunua masanduku mengi, wakayauza katika intaneti kwa bei iliyozidi mara nyingi ile ya kawaida. Wazee waliwaambia waandishi wa magazeti jinsi walivyokula keki hizo wakiwa watoto, na jinsi baba zao walivyozileta jioni wakitoka kazini.

Katika kelele hizo lilikuwamo jambo zito kuliko keki. Watu 18,500 hivi walikuwa wakifanya kazi katika kampuni ile. Palikuwa na waokaji, madereva, wapakiaji na makarani. Keki iliyokuwa kumbukumbu tamu kwa mlaji ilikuwa kwa hao ndiyo kodi ya nyumba na karo ya watoto. Yafaa tulikumbuke jambo hilo kila tunaposhika kitu cha dukani: nyuma ya karatasi yake kuna mikono.

Wenye mali wapya walinunua majina ya keki na namna zake za kuokwa, na mwezi wa Julai 2013 zikarudi madukani. Lakini walifungua baadhi tu ya viwanda vile, kwa wafanya kazi wachache zaidi. Mwaka 2023 kampuni ya Smucker iliinunua Hostess kwa dola bilioni 5.6 hivi. Keki imerudi, wengi wa waliokuwa wakiioka hawakurudi.

Katika miezi ile minane, magazeti ya Marekani yalichapa maelezo ya kuoka keki hizo nyumbani, na watu wengi wakatoa bakuli na mwiko. Wengine walitaka ladha tu. Wengine waligundua kitu ambacho hawakukitazamia, nacho ndicho tutakachoeleza sasa.

KEKI ILIYOUNDWA INGOJE

Keki ya kiwandani na keki ya nyumbani hufanana kwa macho, lakini kila moja imeundwa kwa kusudi lake. Ya kiwandani imeundwa ingoje. Yatoka katika tanuri, yapanda gari, yavuka majimbo, yakaa ghalani, kisha yakaa rafuni mpaka mtu aje. Twinkie iliporudishwa mwaka 2013, ilitajwa kuwa yaweza kukaa siku 45. Zamani ilikuwa siku 26. Ili kitu kilaini kingoje hivyo, mwokaji hana budi kutumia mafuta ya mimea yasiyoharibika upesi badala ya siagi, sukari nyingi iyashikayo maji, na dawa za kuzuia ukungu. Hata krimu yake nyeupe haina maziwa mengi kama tudhanivyo. Ingekuwa na maziwa mengi, ingechacha.

Keki ya nyumbani imeundwa iliwe leo. Krimu yake ina maziwa na siagi ya kweli, nayo haiwezi kungoja. Watu wengine huona huo ni upungufu. Sisi twasema ndiyo faida yake. Chakula kisichoweza kungoja hutulazimisha kuketi pamoja na kukila pamoja. Mzee asemaye "siyo ile ya zamani" huenda asema kweli, maana viwanda hubadili vitu vyao. Lakini huenda pia akumbuka mkono uliomwekea keki ile katika kisanduku, na mkono huo hauuzwi dukani.

VITU VINAVYOTAKIWA

Maelezo haya yatatoa keki kumi na mbili. Kikombe tunachosema ni cha mililita 240, na kijiko ni kilichosawazishwa juu kwa kisu.

Kwa keki: unga wa ngano gramu 190, yaani kikombe kimoja na nusu, sukari gramu 200, yaani kikombe kimoja, unga wa kakao usio na sukari gramu 30, yaani vijiko vikubwa 5, magadi soda kijiko cha chai 1, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 5, siki kijiko kikubwa 1, maji baridi kikombe 1, na vanila kijiko cha chai 1.

Kwa krimu: maziwa nusu kikombe, unga wa ngano gramu 20, yaani vijiko vikubwa 2 na nusu, siagi gramu 110, sukari gramu 100, yaani nusu kikombe, vanila nusu kijiko cha chai, na chumvi kidogo sana.

Kwa kufunika: unga wa kakao gramu 30, sukari ya unga gramu 120, siagi gramu 30, maziwa ya moto vijiko vikubwa 3.

Kwa mstari mweupe: sukari ya unga gramu 60 na maji kijiko cha chai 1 au zaidi kidogo.

Mtaona ya kuwa keki yenyewe haina yai wala maziwa. Hatukusahau. Keki ya namna hii ilipendwa Marekani katika miaka ya shida, mayai na siagi vilipokuwa ghali, nayo huwa laini sana kwa sababu ya mafuta ya maji. Siagi ikigandishwa na baridi hukaza keki, mafuta hayagandi. Mkikosa siagi ya krimu, majarini yafaa, ijapokuwa ladha hupungua. Sukari ya unga isipopatikana, twangeni sukari ya kawaida katika kinu kikavu, mchekeche kwa kitambaa chepesi.

KUOKA

Kwanza washeni moto, maana keki hii haipendi kungoja nje ya tanuri. Wenye tanuri la umeme au gesi waweke joto la digrii 180. Wenye jiko la makaa, ambalo jamaa zetu wa Katanga huliita mbabula, watwae sufuria kubwa yenye mfuniko bapa, waweke ndani yake mchanga mkavu wa kimo cha vidole viwili, waifunike, na waweke makaa chini na juu ya mfuniko. Makaa ya chini yawe machache kuliko ya juu, la sivyo keki itaungua makalioni kabla kichwa hakijaiva. Acheni sufuria ipate moto kwa robo saa.

Pakeni mafuta katika vikombe vidogo vya bati au vikaango vya keki, mnyunyize unga kidogo. Chekecheni pamoja unga wa ngano, kakao, magadi soda na chumvi, kisha tieni sukari. Katika chombo kingine changanyeni maji, mafuta, siki na vanila. Mwageni maji hayo katika unga na mchanganye kwa mwiko mpaka unga mkavu usionekane tena. Hapo acheni. Mwenye bidii nyingi akiendelea kupiga, ule utomvu wa ngano hukaza, na keki hutoka ngumu kama mkate.

Mtaona mapovu madogo yakipanda. Siki ni chachu, na magadi soda ni kinyume chake; zikikutana hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua keki. Yatoka mara moja, wala haingoji mpishi aliyekwenda kupiga gumzo na jirani. Kwa hiyo jazeni vikombe mpaka theluthi mbili ya kimo chake, mviweke motoni papo hapo.

Katika tanuri keki huiva kwa dakika 18 hadi 20. Katika sufuria ya makaa yategemea moto. Anzeni kutazama baada ya dakika 20, wala msifunue kabla. Chomekeni kijiti kikavu katikati. Kikitoka kikavu, keki imeiva. Zitoeni, ziacheni dakika kumi katika vikombe, kisha zipindueni juu ya chekecheo zipoe kabisa. Keki yenye joto ikitiwa krimu, krimu huyeyuka na kunywewa.

KRIMU YENYEWE

Hapa ndipo penye kazi. Katika sufuria ndogo koroga unga na maziwa mpaka pasiwe na madonge, kisha pika juu ya moto mdogo, mkono usiache kukoroga. Baada ya dakika chache mchanganyo utakuwa mzito kama uji wa mtoto, kisha mzito zaidi, hata mwiko uache njia chini ya sufuria. Ondoeni motoni. Funikeni kwa sahani ili usifanye ngozi juu, mwuache upoe kabisa.

Tumesema upoe kabisa. Nasi tulipojaribu mara ya kwanza hatukungoja. Tuliugusa kwa kidole, tukaona wafaa, tukautia katika siagi. Kufumba na kufumbua siagi ikayeyuka, na badala ya krimu tukapata mchuzi. Hata hivyo hatukuutupa. Tuliuweka bakuli ndani ya maji baridi, tukapiga tena kwa subira, na krimu ikarudi, ingawa haikuwa nzuri kama ya mara ya pili. Basi ikiwapata ninyi, msilie, fanyeni hivyo.

Uji ukiwa umepoa, pigeni siagi na sukari peke yake mpaka iwe nyeupe na sukari isikwaruze tena ulimini. Kwa mashine ni dakika tano. Kwa mkono na uma ni robo saa na zaidi, nayo ndiyo kazi ya kuwapa vijana wenye nguvu kwa zamu. Kisha tieni ule uji kijiko kimoja kimoja, mkiendelea kupiga. Mwisho tieni vanila na chumvi. Krimu itakuwa nyepesi, nyeupe, isiyo tamu kupita kiasi. Uji wa unga na maziwa hushika maji ili yasijitenge na siagi. Ndiyo siri yake yote.

KUJAZA NA KUFUNIKA

Twaeni keki iliyopoa. Kwa kisu chembamba kateni shimo katikati ya kichwa chake, mkiinamisha kisu ili mtoe kipande chenye umbo la pia ya kuchezea, chenye upana wa kidole gumba na kimo cha kidole gumba hadi kiungo cha kwanza. Kateni ncha ya kipande hicho, mbakize kifuniko chembamba tu. Jazeni shimo kwa krimu, rudisheni kifuniko, mkibonyeze polepole. Zile ncha kumi na mbili zilizobaki ni mshahara wa watoto waliopiga siagi. Msiwadhulumu.

Sasa yeyusheni siagi ya kufunikia, mtie kakao, sukari ya unga na maziwa ya moto, mkoroge mpaka ing'ae. Ikiwa nzito mno, ongezeni maziwa tone kwa tone. Chovyeni kichwa cha kila keki, mkizungushe, mwigeuze juu. Kovu la kisu halitaonekana tena.

Acheni nusu saa ikauke. Changanyeni sukari ya unga na maji kidogo mpaka iwe nzito kama asali, itieni katika karatasi iliyokunjwa kama koni, na kateni ncha yake ndogo sana. Kisha choreni mstari wenye mapindo saba kutoka upande hadi upande. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambaye bado ajifunza kuandika herufi e nyingi zilizoshikana, aweza kuifanya kazi hiyo kuliko sisi wakubwa. Kama mapindo yatakuwa matano au tisa, hapana hakimu atakayekuja kuyahesabu.

Keki hizi ziliwe siku ile ile. Kama mna friji, zifunikeni vizuri, nazo zitakaa siku mbili au tatu; zitoeni nusu saa kabla ya kula ili krimu ilainike. Bila friji, katika joto letu, msizilaze.

KAKAO NA VANILA VIMETOKA WAPI?

Huenda msomaji atasema: "Keki hii ni ya Wamarekani, yatuhusu nini?" Natazame tena orodha ya vitu.

Mkakao asili yake ni misitu ya Amerika ya Kusini, lakini leo zaidi ya nusu ya kakao ya dunia yatoka Côte d'Ivoire na Ghana. Tena katika Kongo yetu, huko Beni na Mambasa, wakulima hupasua maganda ya kakao, huchachusha mbegu zake kwa siku kadhaa chini ya majani ya migomba, na kuzianika juani. Wengi wameyalima mashamba hayo katika miaka ya hatari, wakijua ya kuwa njia ya shambani yaweza kuwa njia isiyo na marudio. Mbegu kavu hutiwa magunia na kuuzwa nje. Huko hukaangwa, husagwa, na hushindiliwa ili mafuta yatengwe na unga, kwa namna iliyoanza Uholanzi katika kiwanda cha van Houten mwaka 1828. Kisha unga huo huturudia katika kopo, kwa bei ambayo mkulima mwenyewe huogopa kuilipa. Wako watoto waliokua chini ya mikakao ambao hawajaonja chokoleti.

Wenye kakao shambani wasingoje kopo. Kaangeni mbegu zilizochachushwa na kukauka, juu ya moto mdogo, mpaka maganda yapasuke na harufu itoke. Ziambueni, mzitwange katika kinu kilichotiwa moto kidogo mpaka ziwe kama uji mzito wa karanga. Uji huo una mafuta yake yote. Kwa hiyo tieni gramu 55 za uji huo mahali pa gramu 30 za unga wa kakao wa keki, mkiuyeyusha kwanza katika maji ya moto na kuacha yapoe, na mpunguze vijiko vikubwa viwili vya mafuta. Keki itakuwa na chembechembe kidogo, lakini itakuwa yenu tangu mti mpaka sahani.

Na vanila je? Mmea huo ni wa Meksiko. Ulipopelekwa katika nchi nyingine ulitoa maua bila kuzaa, kwa sababu wadudu wa kwao hawakuwako. Wataalamu walihangaika. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtumwa mwenye umri wa miaka kumi na miwili aitwaye Edmond aligundua jinsi ya kuliunganisha ua kwa kijiti na kidole gumba. Kwa ufundi huo wa mtoto, vanila ikaenea katika visiwa vya Bahari ya Hindi, na leo Madagaska ndiyo ya kwanza duniani. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1848 kijana huyo alipata uhuru na jina la Albius. Utajiri hakuupata; alikufa maskini mwaka 1880. Vanila nyingi ya keki za viwandani siku hizi hutengenezwa kwa ufundi wa kemia, wala haitoki katika mmea. Lakini kila ganda la vanila linalouzwa sokoni, hata katika Uganda na huku kwetu mashariki, limetokana na ua lililoguswa kwa mkono, kama alivyofanya yule mtoto.

Basi keki hii ya kisanduku cha mtoto wa Marekani ina mikono mingi ya Afrika ndani yake. Si vibaya nasi tukaijua ladha yake.

Akina mama, na ninyi vijana mlio shuleni, jaribuni siku moja ya mapumziko. Msianze kwa siku ya arusi wala ya mgeni mkubwa. Anzeni kwa siku ya kawaida, wakati kosa halimwaibishi mtu. Keki ni kumi na mbili. Hesabuni watu wa nyumba yenu, mwone ngapi zimebaki, kisha mpelekeeni jirani zikiwa bado mbichi, maana haziwezi kungoja mpaka kesho. Na kama katika kijiji chenu yuko mzee alimaye kakao, yeye apewe ya kwanza.